Mashine iliyoogopa saa mbili usiku

Kwa wiki tano mashine yangu ilikuwa inakata moto kila nikikolea kwenye gemu. Haigandi kwanza, haitoi skrini ya bluu, haitoi onyo lolote. Niko kwenye Forza Horizon 5, nakata kona ya mwisho, mara nasikia "tik" chini ya meza. Kioo cheusi. Feni zinazunguka kwa uvivu mpaka zinasimama, halafu baada ya sekunde tatu hivi inajiwasha yenyewe na kuniomba nywila, utadhani mimi ndiye niliyeondoka.

Mara ya kwanza nilicheka. Kufikia mara ya sita nilikuwa nimeshaanza kuiongelesha, na maneno mengine siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mama mkwe mtarajiwa kajiunga na intaneti.

Mashine yenyewe nimeiunganisha kwa mkono wangu, kipande kwa kipande, kwa hela za video za harusi. Mchana nahariri kicheni pati na sendi-ofu za watu, usiku nacheza. Prosesa ni Ryzen 5 3600, ramu gigabaiti 16, SSD moja, na diski moja ya zamani inayolia kama mende ndani ya boksi la nguo. Kwa miaka miwili ilikuwa na kadi ya picha GTX 1650, kadi mpole, inakula wati 75 tu. Yangu haikuwa hata na tundu la waya wa umeme. Ilikuwa inanyonya kila kitu kwenye mazabodi, bodi kuu ya mashine. Kesi, yaani boksi la mashine, niliinunua ikiwa na pawa saplai yake ndani (kifaa kinachoigawia mashine umeme wa ukutani), ile tunayopenda kuambiwa "ni ya bure, bosi". Ubavuni imeandikwa 650W kwa herufi za dhahabu. Nikaiamini, maana dhahabu ni dhahabu.

Mwezi wa sita nikapata RTX 2070 Super iliyotumika, mzigo wa Dubai, laki sita na nusu baada ya kubishana mpaka muuzaji akaagiza soda. Kadi hiyo inakula wati 215, na NVIDIA wanashauri pawa saplai ya wati 650. Nikatazama ubavuni mwa yangu: 650. Tumelingana. Inahitaji pia waya mbili za umeme, moja ya pini 6 na moja ya pini 8. Pawa saplai yangu ilikuwa na ya pini 6 peke yake. Ile ya pini 8 nikaitengeneza kwa adapta ya shilingi elfu tano inayochukua umeme kwenye zile plagi nyeupe za pini nne za diski za kizamani. Ukisoma hapa na unajua mambo haya, najua ushaanza kutikisa kichwa. Subiri kidogo.

Kwa kuwa mashine ilianza kuzima baada ya kadi mpya kuingia, mshitakiwa alijulikana: kadi. Au draiva ya kadi, programu inayoiwezesha Windows kuitumia. Nikafuta draiva zote kwa programu ya DDU, nikaweka upya. Ikazima. Nikarudi kwenye toleo la miezi minne nyuma. Ikazima. Nikahamia kwenye joto, maana Dar es Salaam hii hata binadamu anazima. Nikafungua kesi, nikapuliza vumbi, nikapaka prosesa pesti mpya ya kupitisha joto, nikaweka HWiNFO irekodi joto kila sekunde mbili kwenye faili ili nikiamka nione mstari wa mwisho kabla ya giza. Mstari wa mwisho: prosesa nyuzi 71, kadi nyuzi 76. Prosesa ile inavumilia mpaka 95. Kwa hiyo hakuna aliyeungua. Ramu nikaiacha usiku kucha na MemTest86, ikapita raundi nne bila kosa hata moja. Sitawachosha na hayo, yalinila wiki mbili na hayakuwa na faida yoyote zaidi ya kesi kuwa safi.

Kitu kimoja nilikiona mapema na sikukielewa. Kwenye Windows kuna Event Viewer, daftari ambamo mfumo unaandika yanayoupata. Ukitafuta saa ile mashine ilipozima, kwangu kulikuwa na alama nyekundu na maneno Kernel-Power, tukio namba 41. Nyingi, zimepangana kama deni la dukani. Ukifungua undani wake kuna sehemu inaitwa BugcheckCode, na kwangu kila mara ilikuwa 0.

Ile sifuri ndiyo ilikuwa barua yenyewe. Windows ikianguka kwa kosa lake, kwa draiva mbovu au ramu mbovu, kwa kawaida inawahi kuandika namba ya kosa na kuacha faili dogo kwenye folda ya Minidump. Ikiwa sifuri, na folda ni tupu, maana yake haikuwahi kuandika chochote. Iliamka ikakuta jana ililala bila kuaga. Umeme umekatwa chini ya miguu yake. Mimi nikasoma, nikasema "aah, Windows haijui chochote", nikafunga. Jibu lilikuwa mkononi mwangu siku ya tatu, nikaliweka mezani nikaendelea kulitafuta.

Jumanne moja nikaamua kuipeleka Kariakoo. Kutoka Mbagala na kesi ya kioo mapajani kwenye bajaji ni safari ya maombi. Kila tuta nilikuwa nainua kesi juu kama mtoto anayebatizwa. Fundi wa kwanza, kijana mtaratibu, akaichomeka, akawasha FurMark, ile programu inayoichemsha kadi ya picha kwa makusudi. Dakika kumi. Ishirini. Akaenda kunywa chai akarudi. Saa nzima mashine inanguruma, haijakohoa.

"Kaka, mashine yako nzima kabisa. Labda hilo gemu."

"Gemu gani, fundi? Inazima magemu matatu tofauti."

"Basi labda ya kudownlodi."

Nikamlipa elfu kumi ya uchunguzi na kurudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyepimwa akaambiwa hana ugonjwa. Saa mbili na robo usiku ikazima. Nilikuwa bado kwenye menyu ya kuchagua gari.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa fundi mwingine, mwenye duka lenye kiyoyozi. Huyu hakuichomeka hata kidogo. Akaishika kadi, akaigeuza, akainusa, akanitazama kwa huruma.

"Hii ilikuwa inachimba kripto, brother. Ishakufa hii, inasubiri tu kuzikwa. Nikikusaidia sana nakupa laki mbili, nitoe vipuri."

Nilikaribia kukubali. Kwa kweli mkono ulishaanza kutoa kadi kwenye boksi. Kilichoniokoa ni hesabu ndogo ya kijinga: mtu ananunua maiti kwa laki mbili ya nini? Nikamwambia nakuja, na wote wawili tukajua siji.

Hadi hapo bado nilikuwa naamini inazima kwa magemu tu. Imani hiyo ilivunjwa na sendi-ofu ya watu wa Kigamboni. Ukumbi ulikuwa Jumamosi, video ya historia ya bibi harusi ilitakiwa ionyeshwe kwenye skrini kabla ya keki, na Ijumaa jioni ndiyo nikaanza kuitoa kwenye DaVinci Resolve, programu yangu ya kuhariri. Dakika kumi na moja za video, kazi ambayo mchana haijawahi kunishinda. Saa moja na nusu usiku nikabonyeza. Asilimia 40, tik. Nikarudia. Asilimia 62, tik. Nikarudia, nikakaa pembeni nimeshika kesi kwa mikono miwili kama mgonjwa wa degedege. Asilimia 18, tik. Mama wa bibi harusi alikuwa ananipigia kila baada ya nusu saa: "Mwanangu, tumefikia wapi?" Nikamjibu tumefika pazuri. Nikalala, nikaweka kengele ya saa kumi na moja alfajiri, nikabonyeza. Ikatoka yote, bila kikwazo, kwa mara moja. Video ikawahi, watu wakalia, keki ikakatwa.

Ndani ya ukumbi, sahani ya pilau mkononi, ndipo wazo likanijia. Mashine ile ile, kazi ile ile, faili lile lile. Kilichobadilika ni saa tu.

Nikarudi kwenye Event Viewer, safari hii na kalamu. Nikaandika saa za matukio yote ya namba 41 kwenye bahasha ya mwaliko. Yalikuwa ishirini na tatu. La mapema kuliko yote lilikuwa saa moja kasorobo jioni. La mwisho saa nne na dakika kumi usiku. Asubuhi hakuna. Mchana hakuna. Usiku wa manane hakuna hata moja, na Mungu anajua nimecheza sana usiku wa manane. Wiki tano nilikuwa nauliza mashine inazimia nini. Sikuwahi kuuliza inazima lini.

Sasa, nikaona labda umeme "unaruka", unapanda ghafla na kushuka. Mama mwenye nyumba ana friji gadi, lile boksi dogo jeupe linalokaa kati ya soketi na friji. Nikamfuata uani.

"Shikamoo mama. Naomba kuazima friji gadi jioni moja."

"Marahaba. Na friji langu lilindwe na nani?"

"Nitarudisha kesho asubuhi, mama. Samaki nitawalipa wakiharibika."

Akanipa, kwa sharti la kurudisha kabla ya chai. Nikaichomeka, mashine nikaichomeka kwayo. Taa ya kijani. Nikakaa bila kufungua gemu lolote, nasikiliza muziki tu. Saa mbili na dakika kumi na tano, kila kitu kikazima. Nikatukana. Mashine haikuwa na mzigo wowote! Nikainama chini ya meza na tochi ya simu, na pale nikaona taa ya friji gadi imekuwa nyekundu.

Nikakaa chini pale pale kwenye sakafu. Friji gadi haipandishi umeme wala kuusawazisha. Kazi yake ni moja: umeme ukishuka sana, au ukipanda sana, inakata, inasubiri dakika chache, utulivu ukirudi inaunganisha. Nyekundu maana yake ilikuwa imekataa umeme uliokuwa unatoka ukutani. Umeme ambao mimi kila usiku nilikuwa nailisha mashine ya zaidi ya milioni moja na laki tano, na kuilaumu kwa kutapika.

Kesho yake nikamwita fundi umeme wa mtaani, mzee mmoja anayetembea na mfuko wa rambo wa vifaa. Saa nne asubuhi akapima soketi yangu: volti 226. Nikamwomba arudi saa mbili usiku, akanishangaa, lakini akaja baada ya isha. Akapima: 181. Nikamwona anapima tena.

"Mwanangu, hii ndiyo hali ya mtaa huu. Transfoma iko kule barabarani, nyinyi mko mwisho wa laini. Nyumba zimeongezeka, waya ni ule ule. Jioni huyu anapiga pasi, yule kawasha jiko, yule hita ya kuogea mtoto. Kila mmoja anavuta, ya mwisho inabaki nyembamba."

Tukamsikia jirani anawasha kitu, taa ya chumbani kwangu ikafifia kidogo, na namba kwenye mita ikashuka hadi 177. Mzee akanionyesha kwa kidole bila kusema kitu.

Lakini swali lilibaki. Laptopu yangu ya zamani inachaji saa hizo hizo bila shida, na runinga ya mama inaonyesha tamthilia volti zikiwa 180 na haikosi hata kofi moja. Kwa nini mashine yangu tu? Ndipo nikaitoa ile pawa saplai ya dhahabu.

Kwanza, uzito. Ilikuwa nyepesi kama boksi la biskuti. Pili, nyuma yake, karibu na tundu la waya, kulikuwa na swichi ndogo nyekundu imeandikwa 230, ukiisukuma inasoma 115. Kwa miaka miwili niliiona kama pambo. Ile swichi ni ushahidi: pawa saplai yenye kuchagua kwa mkono hivyo ni ya muundo wa zamani, imetengenezwa kwa umeme wa takriban volti 200 hadi 240, na ukishuka chini ya hapo haina ujanja. Zile nzuri za siku hizi zina saketi inayojirekebisha yenyewe, unaona zimeandikwa 100–240V, na swichi hiyo haipo kabisa. Chaja ya laptopu ni hivyo hivyo. Runinga nyingi za bapa pia. Ndiyo maana wao walikuwa wanakula chakula kilichochina bila kuumwa tumbo.

Ndani ya pawa saplai kama yangu, umeme wa ukutani unageuzwa kuwa mkondo mnyoofu na kuwekwa kwenye kapasita mbili kubwa. Volti 226 ukutani zinatoa kama 320 mle ndani. Volti 181 zinatoa 256. Fikiria tangi la maji juu ya paa: likiwa limejaa, unaoga na mwenzio anafua na hamgombani. Likishuka hadi robo, bomba moja linatoka vizuri. Mkifungua mawili, wote mnapata matone. Mashine ikiwa inapumzika ni bomba moja. Gemu likifungua prosesa na kadi kwa pamoja, tangi halitoshi, na pawa saplai inajifungia ili isijiunguze. Ile "tik" niliyokuwa naisikia ilikuwa inajiokoa.

Tatu, na hili ndilo lililoniuma, ile stika. Chini ya 650W ya dhahabu kuna jedwali la herufi ndogo sana. Nikalipiga picha kwa simu, nikalikuza. Kwenye safu ya +12V imeandikwa 25A. Volti 12 mara ampea 25 ni wati 300. Mia tatu! Na kwenye kompyuta ya sasa, prosesa na kadi ya picha vyote vinakula kwenye hiyo laini ya volti 12. Kadi 215. Prosesa yangu ikikolea inafika 88. Tayari ni 303, hujahesabu feni, diski yangu inayolia, wala mazabodi. Zile wati nyingine sijui zilikuwa zinamsubiri nani. Mchana ilikuwa inabeba mzigo uliozidi uwezo wake kwa sababu umeme wa ukutani ulikuwa mzuri na gemu halivuti vyote kwa kiwango cha juu muda wote. FurMark pale Kariakoo iliichosha kadi peke yake, prosesa imekaa tu, kwa hiyo mzigo ulipita kwenye tundu la sindano. Yule fundi wa kwanza hakukosea. Alipima mashine nzima, saa nzuri, kwenye soketi nzuri.

Mdogo wangu wa kidato cha tatu alikuwa amekaa kitandani anasikiliza haya yote. Akaja na wazo.

"Sasa kaka, si umeme ni mdogo? Sukuma hiyo swichi iwe 115."

Wallahi nilikaribia kumpongeza. Inasikika kama akili. Usijaribu. Ukiiweka 115, saketi inazidisha mara mbili kile kinachoingia, na kwa umeme wetu kapasita zile zinapewa volti nyingi mno kuliko zilizoandikiwa. Zinapasuka, kwa mlio wa kutosha kuamsha mtaa. Na wala usifungue boksi la pawa saplai kuchungulia, hata ikiwa imechomolewa. Kapasita zinatunza umeme, na hazijui wewe ni mdadisi tu.

Kabla ya kutoa hela nikataka uhakika wa bure. Nikapakua MSI Afterburner, ambayo ina kitelezi cha kuipunguzia kadi kiwango cha umeme, nikaishusha hadi asilimia 65. Yaani kadi isivuke wati 140. Saa mbili usiku, umeme mbovu kama kawaida, nikaingia kwenye gemu. Nusu saa. Saa nzima. Nikamaliza mashindano yote na kuanza mengine kwa dharau. Haikuzima. Picha zilishuka kutoka 60 na kitu kwa sekunde mpaka 50 hivi, na macho yangu hayakugundua. Nikairudisha asilimia 100, ikazima ndani ya dakika nne. Nikashusha tena, ikatulia. Kama uko kwenye shida kama yangu na mfuko umetoboka, ishi na hicho kitelezi mpaka mwisho wa mwezi.

Fundi mzee alikuwa ameniachia mita yake usiku mmoja. Kwenye plagi nyeupe ya diski, waya wa njano na mweusi, nikapima ile volti 12 yenyewe. Kiwango kinaruhusu kupungua hadi 11.4. Yangu ikiwa imepumzika ilikuwa 12.1, kwenye gemu mchana 11.5, usiku, sekunde chache kabla ya tik, niliona 11.2. Wakati nachomoa ile adapta ya elfu tano nikaona waya wake mmoja wa njano umegeuka rangi ya chai karibu na pini, na plastiki nyeupe imeanza kulainika. Hiyo ingeweza kuniunguzia chumba. Nimeihifadhi kwenye kopo la peni kama mtu anavyotunza jino lililong'olewa.

Kununua pawa saplai mpya nilienda na kalamu tena. Muuzaji ananionyesha taa za rangi, mimi namwomba stika. Niliyoichukua imeandikwa 650W, na kwenye safu ya +12V kuna 54A. Mara 12 ni 648. Hapo ndipo namba ya ubavuni na namba ya jedwali zinafahamiana. 100–240V. Hakuna swichi nyekundu. Waya mbili za kadi ya picha, kila moja inatoka mwenyewe ndani, bila adapta. Na nzito, ukiishika unajua umeshika kitu. Laki mbili kasoro elfu kumi, na muuzaji hakuagiza soda.

Kuna jambo moja sikulitegemea. Saketi inayojirekebisha, umeme ukishuka, inafidia kwa kuvuta ampea zaidi kutoka ukutani. Kwa hiyo ekstensheni inabeba zaidi. Yangu ilikuwa ile ya matundu sita, nyepesi, na nilipoichomoa nikasikia harufu ya plastiki. Tundu moja lilikuwa na duara jeusi. Nikanunua nyingine yenye waya mnene, na monita na spika nikavihamishia soketi nyingine.

Ile ya dhahabu sikuitupa. Iko kwenye kompyuta ya stationari ya binamu yangu Temeke, inachapa barua za maombi ya kazi na vyeti vya kuzaliwa, mzigo wa wati 80 tu, na inafunga saa kumi na mbili jioni. Wamependana.

Umeme wa mtaa haujabadilika. Juzi mpangaji mwenzangu alilalamika uniti za LUKU zinaisha haraka tangu ninunue "injini" mpya, nikamwekea hesabu: wati 350 kwa saa tatu ni uniti moja na kidogo kwa jioni. Akasema pasi yake haifiki huko. Nikamwambia ninapokuwa nacheza, pasi yake ndiyo inayonifanya nipime umeme.

Jana saa mbili na dakika kumi na tano nilikuwa mzunguko wa tatu, nafasi ya pili. Taa ya chumbani ikafifia, ikawa ya njano kama kibatari. Kutoka sebuleni kwa mama mwenye nyumba nikasikia friji limekohoa na kunyamaza. Friji gadi imekataa. Mama akaita, "Na wewe huko umezimika?" Nikamjibu bila kugeuka, kwa sababu kona ya mwisho ilikuwa inakuja, na chini ya meza hakukuwa na mlio wowote isipokuwa feni.